Uolewe kwanza huku Mtwara au uende na viza ya uchumba? Njia mbili za Uingereza, nimeziona zote

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, printa mbili na kompyuta moja inayozima kila umeme ukiyumba, kazi yangu ilikuwa CV, fomu za mkopo wa chuo na pasipoti saizi basi. Ila toka 2024 nimekuwa ofisi ya viza bila kupenda. Kisa ni mdogo wangu wa kike na shoga yangu mmoja wa Mikindani, wote walipata wanaume wa Uingereza karibu kipindi kimoja, mdogo wangu akaenda kama mchumba, shoga akaenda kama mke, makaratasi yao yote yalipita kwenye skana yangu na machozi yao yote niliyapokea kwenye simu. Sasa hivi binti yeyote akisikia ana mtu Uingereza anaambiwa "nenda kwa dada wa steshenari". Mi sio wakili jamani. Nachoweza ni kuziweka hizi njia mbili upande kwa upande ujue unachagua nini. Na wanaume msijione hamhusiki, mume anaitwa na mke wa kule kwa sheria zilezile.

Kabla ya yote, zimeni zile voisi za WhatsApp za shangazi yenu wa Texas. Siku 90 za kufunga ndoa, green card, hayo ni ya Marekani, na kule mchumba anaitwa na raia tu. Uingereza mchumba anapewa miezi 6, na anayekuita anaweza kuwa raia au mtu mwenye ukaazi wa kudumu, hata kama ni Mmakonde mwenzio aliyehamia Leicester zamani. Halafu kuna viza ya tatu inayowadanganya watu, ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa tu, kwa bei ya Aprili 2025 ilikuwa pauni 127, watu wanaiona wanasema mbona mteremko. Ile unafunga ndoa unarudi nyumbani, haibadilishwi ukiwa kulekule. Binti mmoja alishaijaza mpaka mwisho, nikamwambia dada simama kwanza, hujasoma.

Vitu ambavyo njia zote mbili zinavitaka, navipitia haraka maana hapa hamna cha kuchagua. Mwenzio wa kule awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, hii ilianza tarehe 11 Aprili 2024, kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Mshahara wako wa huku hauhesabiwi, hata uwe na duka kubwa kuliko yote Masasi. Akiba inakubalika ila ukitaka kutumia akiba peke yake ni pauni 88,500 zilizokaa miezi sita, kwahiyo tuendelee. Mwenye kulipwa posho fulani za ulemavu kule anapimwa kwa kipimo kingine, chepesi kidogo. Muwe mmeonana ana kwa ana, mapenzi ya simu tu hayatoshi. Kipimo cha TB kwenye kliniki waliyoidhinisha wao, sio hospitali yoyote unayoijua wewe, na cheti chake kinaishi miezi 6. Kiingereza cha ngazi ya A1, ile ya chini kabisa, kuongea na kusikiliza tu, unaingia na mtahiniwa mwenzio mbele ya msimamizi mnaongea kama robo saa na ushee hivi, mdogo wangu alitoka anacheka kwamba ameulizwa kuhusu chakula akaanza kueleza ming'oko na mwenzie wa Arusha hajawahi hata kuisikia. Kama umesoma digrii kwa Kiingereza kuna njia ya kukwepa mtihani, ila digrii yenyewe lazima ithibitishwe na Ecctis, wale wakaguzi wa vyeti wa kule.

Na kama mmoja wenu alishawahi kuoa au kuolewa, ndoa ile iwe imekufa kisheria. Hapa shoga yangu alikwama miezi. Talaka yake ilikuwa kikaratasi cha daftari, mume wa kwanza kaandika kwa mkono mbele ya mashahidi wawili, kwa dini imepita, kwa makaratasi haijapita. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mahakama ndo itoe amri ya talaka, kwahiyo akaanza baraza la usuluhishi, akaja Mahakama ya Mwanzo, mpaka anapata hati korosho zilikuwa zimeshauzwa zote. Ukienda kama mchumba utaulizwa hiyo hati, ukienda kama mke pia utaulizwa, ianze hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

HELA

Bei hizi zilikuwa za Aprili 2025, ukisoma baadae angalia upya kwenye tovuti yao ya serikali maana wanapandisha karibu kila mwaka.

Ukienda kama mke au mume: ada ya viza pauni 1,938, ada ya afya ile IHS ni 1,035 kwa mwaka na wanakuhesabia miaka mitatu, 3,105. Jumla 5,043. Unapewa miezi 33.

Ukienda kama mchumba: ada ni ileile 1,938, ya afya hulipi. Hapo ndo mtego ulipo, watu wanaona 1,938 dhidi ya 5,043 wanasema hii ndo yetu. Umepewa miezi 6 tu. Ukishafunga ndoa kule unaomba upya ukiwa ndani, 1,321, na ada ya afya sasa unalipa 2,587.50. Jumlisha zote unapata 5,846.50, na umepewa miezi 30. Yaani umelipa pauni 803 na senti zaidi, umepata miezi mitatu pungufu, na ile miezi yako ya uchumba haihesabiwi kwenye miaka mitano ya kuomba ukaazi wa kudumu.

Kwa upande wa hela uzuri wa mchumba ni mmoja tu, inatoka kwa mafungu. Kwa kijana wa kule ambaye ndo kwanza anajipanga, 1,938 leo na nyingine 3,900 baada ya miezi kadhaa inabebeka, kuliko 5,043 kwa mpigo ambayo kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 15. Hilo silibezi, mume wa mdogo wangu alichagua njia hiyo kwa sababu hiyohiyo na alisema wazi.

Ukikataliwa, ada ya afya inarudi, ada ya viza hairudi. Hiyo kote kote.

Kitu wasichokipigia hesabu ni kipato kupimwa mara mbili. Mke anapimwa siku ya kuomba, halafu mpaka baada ya miaka miwili na nusu hivi wanapo-renew. Mchumba anapimwa anapoomba huku, halafu anapimwa tena miezi michache baadae akishaolewa. Shemeji yangu alibadili kazi Desemba 2024, kazi nzuri zaidi, sisi huku tunashangilia, kumbe kwa kanuni ya kawaida wanataka slipu za mshahara za miezi 6 za mwajiri huyohuyo na Machi ana za miezi mitatu tu. Ikabidi waende kwa ile kanuni nyingine ya kukusanya kipato cha miezi 12 nyuma, slipu za kazi zote mbili, barua za waajiri wote wawili, na yule wa zamani alikuwa hajafurahi kuachwa kwahiyo barua ikachelewa. Ilipita. Ila mdogo wangu alikonda.

KAZI, HOSPITALI, NA KUKAA NDANI

Hapa ndo tofauti kubwa na hapa ndo mi nilibadilika mawazo.

Shoga yangu, viza ya mke, alifika akaanza kazi ya kuhudumia wazee mwezi wa pili tu toka afike. Ruhusa ya kazi anayo toka anashuka kwenye ndege. Akiumwa anaingia NHS, hospitali za serikali za kule, kama mtu mwingine, ada kashalipa.

Mdogo wangu, mchumba, haruhusiwi kufanya kazi. Kabisa. Wala akishafunga ndoa haruhusiwi, mpaka ile viza ya pili itoke. Aliingia Oktoba 2024, ndoa Februari, akaomba Machi, majibu yakaja Mei. Miezi minane mtu aliyezoea kuuza duka hapa Chikongola toka asubuhi mpaka usiku, amekaa chumbani kwa mama mkwe, baridi, anaomba hela ya vocha. Alikuwa ananipigia saa nane za usiku za huku haongei, anasikiliza tu kelele za nyumbani. Na kwa kuwa hajalipa ada ya afya, daktari wa kawaida wa mtaani anamuona bure ila matibabu ya hospitali anatozwa kama mgeni, asilimia 150 ya gharama. Ukishika mimba kwenye miezi hiyo utaelewa naongea nini, kujifungua hawatakukatalia lakini bili inakuja.

Halafu kuna hili halisemwi. Ukiwa umeomba ile viza ya pili na majibu hayajatoka, ukitoka nje ya nchi ombi lako linahesabika umeliondoa. Bibi yetu alifariki Aprili 2025 kule Newala. Bibi ndo aliyemlea. Mdogo wangu hakuja, alizika kwa video call, mtandao wa Newala unaujua, picha inaganda udongo ukiwa hewani. Shoga yangu angekuwa yeye angekata tiketi siku hiyohiyo.

NDOA YENYEWE IFUNGWE WAPI

Nimewaona wengi wanachagua viza kwanza halafu ndo wanafikiria ndoa, ndo maana naliongea kwa kirefu.

Huku kwetu mnajua mjomba ndo mwenye kauli. Wamakonde, Wamwera, Wayao, binti haondoki tu na begi eti anaenda kuolewa mbele ya safari. Mjomba wetu alikataa viza ya uchumba waziwazi, alisema "anayetaka mbuzi aje zizini". Ikabidi wazee waletewe posa na mahari kwanza ndo akalegea. Kwa mwenye kwenda kama mke swali hili halipo, mjomba kala pilau lake, kashuhudia, yameisha.

Ila nje ya mila kuna jambo la kisheria zito zaidi, hasa kwetu Waislamu. Ndoa ya msikitini ukiifunga hapa Mtwara au Lindi kwa sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa, ikaandikishwa, ukapata cheti cha serikali kile cha RITA, Uingereza wanaitambua kama ndoa kamili kwa sababu ni halali ilipofungwa. Ndoa hiyohiyo, sheikh mwingine, ukiifunga sebuleni kwa watu Birmingham au kwenye msikiti ambao haujasajiliwa kwa ndoa, bila ya kiserikali, mbele ya sheria ya kule hujaolewa. Kwa Mungu umeolewa, kwa Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani inayosimamia viza, wewe bado mchumba na miezi yako sita inayeyuka. Mdogo wangu walifunga nikahi wiki ya pili tu aliyofika, wakatulia wanafikiri kazi imeisha. Wakaja kustuka Desemba.

Na ya kiserikali kule sio unaenda leo unafunga kesho. Lazima ukae wilaya hiyo siku saba kwanza, mkatoe taarifa, halafu mnasubiri siku 28. Ongeza na foleni ya kupata nafasi ya kutoa taarifa yenyewe. Miezi 6 ukiisikia huku ni mingi, kule ni midogo.

Huku nako kuna kusubiri, taarifa ya kusudio la ndoa ni siku 21 kabla. Mzungu mwenye likizo ya wiki mbili anafika Ijumaa anataka Jumamosi ijayo awe kaoa, haiwi hivyo. Kwahiyo binti wewe uliyeko huku nenda mapema kauliza, kwa padri, kwa sheikh au ofisi ya Mkuu wa Wilaya kama mnafunga ya bomani, ujue wanataka nini kutoka kwake, kawaida wataulizia uthibitisho kwamba kule hana ndoa nyingine, hilo karatasi alitafute kabla hajapanda ndege.

Hapo hapo niseme na hili, litawaudhi wengine. Kama huyo bwana ana mke kule na anakwambia dini inaruhusu, dini sawa, ila mtu ambaye maskani yake ya kisheria ni Uingereza hawezi kuoa mke wa pili hata aje afunge ndoa Nachingwea kijijini ndani kabisa. Cheti utapata, viza hutapata. Nimeshamwambia mmoja, aliondoka hajalipa hata hela ya printi.

Majina nayo. Cheti cha ndoa kikiandikwa Mwanahamisi, NIDA inasema Mwanaidi na pasipoti ina majina mawili badala ya matatu, umejitafutia kazi ya viapo kwa wakili. Mwenye kwenda kama mchumba anaepuka karatasi moja la kugongana, ila cheti cha kuzaliwa na NIDA bado vitagongana huko uhamiaji ukiomba pasipoti, ambayo ni 150,000 na hiyo haichagui mchumba wala mke.

KUSUBIRI

Kwa muda wa majibu ziko sawa, wanasema wiki 12, kuna ya haraka, mwaka 2025 ilikuwa pauni 500 juu. Tofauti ni unasubiri ukiwa nani. Mke anasubiri baada ya harusi, mume kashaondoka, mtaani wanaanza "mzungu kakimbia", shoga yangu aliacha hadi kwenda kisimani kwa maneno, miezi minne hiyo ndo bei ya njia yake. Mchumba anasubiri kabla, hamna anayejua, akipata anaondoka kimyakimya, akinyimwa aibu ni ndogo. Hiyo ni kweli na mtu asikudanganye kwamba haina uzito, kwenye mji mdogo ina uzito sana.

Ushahidi wa mapenzi pia mke ana kazi nyepesi kidogo, picha za harusi zina wajomba, mashangazi, ngoma, sufuria za pilau, hata afisa wa viza ataona hii sio ya kutunga. Mchumba inabidi aoneshe mpango wa harusi ambayo haijafanyika, barua pepe na ofisi ya ndoa ya kule, ukumbi mlioulizia. Wote wawili weka miamala mliyotumiana, tiketi, picha za siku tofauti, chati chache za kila mwezi. Usiniletee kurasa 400 za chati za "umeamkaje mpenzi" nizi-printi, nitazi-printi kweli maana ni biashara, ila hazitakusaidia.

KWAHIYO IPI

Akija mdogo wangu wa pili kuniuliza namwambia olewa hapahapa kwanza. Kazi toka siku ya kwanza, uhuru wa kurudi msibani, hela ndogo kwa jumla, kipato kinapimwa mara moja mwanzoni, na ndoa yako inatambulika kote. Uchumba nitaukubali kwa watu wachache, mfano mama yake bwana mgonjwa hawezi kusafiri na wanataka ashuhudie, au hela kweli ya mpigo hamna na bwana ana kazi anayojua hataihama, na mmeshaongea na ofisi ya ndoa ya kule kabla hujapanda ndege. Na uwe na pa kukaa penye amani, maana utakaa hapo bila senti yako.

Kwa aliyeko Lindi au Mtwara kuna la ziada, barabara. Kipimo cha TB Dar, mtihani Dar, alama za vidole Dar. Mdogo wangu alikuwa na miadi wiki ile ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, basi likaishia njiani kabla ya Somanga, barabara imekatika, abiria wanalala chini ya malori, miadi ikapita, ikabidi tupange upya na cheti cha TB tayari kinakula siku. Shoga alienda Januari akakaa kwa mama mdogo Mbagala wiki nzima akamaliza yote matatu kwa safari moja, akapimwa bado kwa kile kipato cha zamani cha 18,600 kwa sababu aliomba kabla ya Aprili 11. Kwa mvua za masika usikate basi la jana yake, nenda siku tatu kabla, na cheti cha ndoa usikiweke kwenye begi la chini ya basi, kiweke kwenye kifua chako.